Noti za Kitanda cha Nne

Jamani, hiki kisa hamtakiamini, na wala siwalaumu. Ningeletewa mimi ningemwambia msimuliaji akapime malaria kwanza. Lakini kilitokea kweli, Njombe, kwenye ile Nyumba ya Ganzi iliyoko juu kule kwenye mipaini, mwaka ambao ukungu ulishuka mjini mwezi wa saba ukagoma kuondoka wiki tatu nzima. Na aliyekuwa katikati yake hakuwa daktari wala mwanasayansi. Alikuwa fundi wa kurekodi kwaya, basi.

Jina lake Exavery Mgaya, mtaani Eksi.

Jumatatu hiyo Eksi aliingia kazini na sweta mbili, moja juu ya nyingine, na bado meno yanagongana. Chumba chake kilikuwa mwisho wa wodi. Mlango wa kioo, ndani kompyuta, laptopu, spika mbili, na jiko la umeme ambalo Madamu Nyagawa, mkuu wa nyumba, alishamkataza kuliwasha mpaka akachoka. Kupitia kile kioo aliviona vitanda vyote ishirini na tano. Kila kitanda mtu amelala chali, macho yamefungwa, kichwani kofia ya waya.

Hao ndio watu wa ganzi. Ugonjwa wenyewe unaanza kwenye vidole, unapanda taratibu, na miezi minne ikipita mtu hawezi hata kupepesa kope. Moyo unapiga, mashine inampumulia. Sasa yumo ndani, au ameshaondoka kabaki mwili? Hicho ndicho kitu kofia ilitengenezwa kukijua.

Kofia inasikiliza mnong'ono wa ubongo na kuugeuza noti za piano, noti moja kila sekunde mbili. Noti gani ipigwe, mashine inachagua yenyewe, inapanda inashuka, inapanda inashuka, kama mtoto anayejifunza kinanda. Kitu kimoja tu kinatoka kwa mgonjwa mwenyewe: nguvu. Yaani noti imegongwa kwa uzito gani. Watu wa studio wanaita velositi. Inaanzia moja, kama unyoya umetua kwenye kinanda, inaishia mia moja ishirini na saba, kama mtu kaangusha kinanda chenyewe. Kwenye skrini kila noti inasimamiwa na kijiti chini yake. Noti laini, kijiti kifupi. Noti kali, kijiti kirefu.

Na vijiti hivyo, usivione vidogo, ndivyo vinaamua mtu aishi au azikwe.

Kila miezi sita Kamati ya Kuaga inakaa. Wimbo wa mgonjwa ambaye ndugu zake wameomba unapigwa, watu watano wanasikiliza. Vijiti vikiwa vimetulia, urefu unafanana, kamati inasema huyu amelala kabisa, na kama familia inataka inamuaga, mashine inazimwa. Vijiti vikirukaruka, kamati inasema bado, anarudi kitandani. Na sheria haina mlango wa nyuma: mtu ambaye bado yumo ndani haagwi. Hata angeomba mwenyewe. Hata angepiga magoti.

Sasa, zamani nyimbo zilikuwa zinapelekwa kwenye kamati zilivyo. Kelele tupu. Gong, ti, ti, GONG. Familia zinatoka pale zinalia zaidi ya zilivyoingia. Mafundi wakasema ni waya tu hizo, zinashika umeme wa hewani. Halafu akaajiriwa Eksi.

Eksi ametoka kwenye studio ya mtaani pale Makambako, kazi yake kwaya. Na kama umewahi kurekodi kwaya unajua: mpiga kinanda akishapandwa na furaha anagonga kama anapasua kuni. Kwa hiyo ukimaliza kurekodi, kabla hata hujanywa maji, unachagua noti zote, unabonyeza sawazisha, vijiti vyote vinabanwa karibu na sabini na tano. Ndipo kazi inaanza. Hakuna fundi anayejiuliza mara mbili, ni kama kunawa kabla ya kula.

Eksi akanawa. Faili la kwanza, akachagua zote, akasawazisha. Wimbo ukatoka mtamu, unateremka kama maji ya kijito. Familia ikakumbatiana. “Mama katulia jamani, mama kapumzika.” Madamu Nyagawa alimshika bega Eksi mbele ya watu akasema, “Huyu kijana ameondoa kelele za waya ambazo mainjinia walishindwa.” Tangu siku hiyo ikawa ndiyo kanuni.

Miaka miwili. Vikao vinne. Watu kumi na tisa wameagwa, na hakuna hata mmoja aliyepewa “bado.”

*

Jumatatu hiyo zilikuwa zimebaki siku tatu kabla ya kikao cha Alhamisi, na safari hii walikuwa wawili tu. Kitanda cha nne, Redemta Mligo, ambaye mji mzima unamwita Mama Vumilia. Kitanda cha saba, Mzee Festo Kilasi, mpasua mbao.

Eksi alitaka kurekodi kitanda cha nne, akakuta panya wametafuna waya wa hedifoni.

“Nyie panya, hata aibu hamna,” alisema. Akageuza spika, akafungua mlango wa kioo ili asikie vizuri, akawasha. Gong, ti, ti, gong. Na kwa kuwa baridi ilikuwa inamuuma, akaanza kuimba ili ajipashe moto. Pambio la Pasaka, lile la juu sana, ambalo kila Mkatoliki wa Njombe amelipata kwa viboko.

Hapo kuna kitu lazima ukijue. Mama Vumilia alifundisha kwaya ya parokia miaka thelathini na moja. Eksi mwenyewe alipita mikononi mwake, akatolewa. Mbele ya wenzake wote alimwambia, “Wewe Mgaya, sauti yako inateleza kama mbuzi kwenye tope. Kaa chini utugeuzie kurasa.”

Basi anaimba, anafika pale juu, sauti ikateleza.

GONG. Kijiti mia moja na ishirini.

Eksi akacheka. Waya hizi. Akarudia. Akateleza palepale. GONG. Akaendelea na sehemu ya chini, ambayo anaiweza, vijiti vikawa vifupi, vimetulia, kumi, kumi na mbili, tisa. Akapanda tena, akateleza. GONG.

Akaacha kuimba. Akavuta kiti, akasogea karibu na skrini.

Akaimba vibaya makusudi. Alivunja noti ya tatu, kijiti cha tatu kikaruka. Alivunja ya tano, cha tano kikaruka. Aliposubiri kimya, vijiti vikatulia vikisubiri naye.

Alikuwa anamsahihisha! Yule mama, miezi kumi na nne amelala kama gogo, macho yamefungwa, alikuwa anamsahihisha mwanafunzi wake!

Eksi alibeba laptopu mpaka kitanda cha nne. Uso wa mama ulikuwa uleule, shwari kabisa, ngozi kavu kwenye midomo.

“Shikamoo, mama,” alisema, na sauti ilimtoka kama ya mtoto.

Noti iliyofuata, themanini.

“Mama, unanisikia? Kama ndiyo gonga kwa nguvu. Kama hapana, gusa tu.”

Mia moja kumi na nane.

Akatazama huku na huku. Wodini hakuna mtu, mashine tu zinapumua. “Unaumwa?”

Mia moja kumi.

“Sana?”

Mia moja ishirini na nne. Na noti tatu zilizofuata, ambazo hakuuliza chochote, zote zilikuwa hivyohivyo.

“Nimwambie Vumilia, mwanao?”

Mbili. Kijiti kifupi mpaka alidhani hakipo.

“Mama... Alhamisi ni kikao chako. Unataka kubaki?”

Tatu.

“Unataka tukuage?”

Mia moja ishirini na saba. Hakuna namba juu ya hiyo. Ukiwa na laptopu mapajani unaiona tu imesimama pale, imegusa dari ya skrini, na inayofuata, na inayofuata.

Eksi alifunga laptopu kama mtu anayefunika chungu kinachochemka. Halafu akawakumbuka wale kumi na tisa.

Alirudi mbio chumbani kutafuta mafaili yao ghafi, yale ya kabla ya kusawazisha. Hayapo. Faili ghafi hufutwa siku ya maziko, ni utaratibu. Kilichobaki ni nyimbo kumi na tisa tamu, zote sabini na tano, sabini na sita, sabini na tano. Alikaa akizitazama. Waliokuwa wanasema ndiyo na waliokuwa wanasema hapana, wote alishawapa sauti moja. Hatajua mpaka anaingia kaburini.

*

Kesho yake asubuhi, Jumanne, alimwendea Mzee Kilasi. Alienda polepole, akitamani akute waya tu.

“Shikamoo, mzee.”

Tisini.

“Unaumwa?”

Nne.

“Unataka kubaki nasi?”

Mia moja kumi na tano. Ikaja nyingine, mia moja kumi na tisa. Na nyingine. Alikuwa anagonga kama anapigilia misumari.

“Unabaki kwa ajili ya nini, mzee wangu? Wajukuu?”

Thelathini. Siyo hapana kabisa, lakini.

“Shamba?” Sita. “Kanisa?” Kumi. Eksi akakuna kichwa. Juu ya kitanda cha saba palikuwa na redio ndogo ambayo manesi huiwasha Jumamosi. “Mpira?”

MIA MOJA ISHIRINI NA SABA.

Eksi alicheka mpaka machozi yakamtoka, halafu yakaendelea kutoka wakati kicheko kimeshaisha. Huyu mtu alikuwa ndani ya giza, peke yake, amefungwa mikono na miguu na ulimi, na alikuwa anaisubiri Jumamosi.

Mchana akaja mwanaye, Onesmo, bado ana vumbi la mbao kwenye nyusi. Alisimama mbali kidogo na kitanda, kofia ya sufu mkononi.

“Kaka, keshokutwa ndiyo siku, eeh?”

“Ndiyo, kaka Onesmo.”

“Nimeshachonga jeneza. La mninga. Mwenyewe, kwa mkono.” Alimeza mate. “Usinione mbaya. Baba yangu alikuwa hawezi kukaa dakika mbili, anahangaika kama kuku mwenye yai. Huyu hapa siye. Baba aliondoka mwaka jana, mimi nataka nimzike kwa heshima, nipumzike na mimi.”

Kwenye laptopu iliyofungwa nusu, Eksi aliona vijiti vya kitanda cha saba vinapaa, vinapaa, vinagonga dari. Mzee alikuwa anapiga kelele.

“Kaka, unaumwa?” Onesmo aliuliza. “Umepauka uso.”

“Baridi tu,” alisema Eksi.

*

Sasa utasema, si rahisi? Mama anataka kuondoka, asawazishe wimbo wake. Mzee anataka kubaki, auache ulivyo. Kila mtu apate chake, watu wakanywe chai.

Haiwezekani, na sababu yake ni muhuri.

Kikao kimoja, mpangilio mmoja. Ilitungwa zamani, baada ya fundi wa mkoa mwingine kuutuliza wimbo wa adui yake na kuuchangamsha wa shangazi yake. Tangu hapo nyimbo zote za kikao kimoja zinapita kwenye programu kwa pamoja, kwa mpangilio uleule, na programu inapiga muhuri. Ukigusa kijiti kimoja kwa mkono, hata kwa bahati mbaya, muhuri unavunjika, kikao kinafutwa, na polisi wanakuja kukuuliza una undugu na nani.

Kwa hiyo: asawazishe wote wawili, au asisawazishe yeyote.

Akisawazisha, mama anapata anachokiomba, na mzee anaingia kwenye jeneza la mninga huku anasikiliza. Asiposawazisha, mzee anabaki na redio yake, na mama anabaki na moto wake. Na akisimama akaieleza kamati ukweli, kwamba hawa watu wanasikia na kujibu, ndiyo mbaya zaidi. Mama atakuwa mtu aliye macho, na aliye macho haagwi. Siyo miezi sita. Milele. Mashine za siku hizi zinaweza kumpumulia mtu miaka thelathini.

Jumatano Vumilia alimkuta amekaa sakafuni chumbani, mgongo kwenye jiko. Vumilia ni mwanamke mfupi, mcheshi, anauza miche ya parachichi pale stendi, na kila akija anabeba viazi vya kuchemsha kwenye kitambaa, vya moto, vya wodi nzima.

“We Eksi! Unataga?” Akamrushia kiazi. “Kula. Umekonda kama ufito.”

“Asante, dada Vumi.”

Akakaa naye hapohapo chini. Wakala. Halafu Vumilia akasema, bila kumtazama, “Kwaya yote wananiambia nimuage. Paroko, shangazi, wote. Wananiambia sio mama tena. Shangazi ndiye kaomba kikao, na kamati ikisema amelala sitaweza kuwazuia. Eksi, mimi sina mtu mwingine. Sijaolewa, sijazaa, wewe unajua. Nikifunga biashara nakuja hapa namwambia nani kanitukana, nani kanikopa miche kakimbia, nampaka mafuta midomo. Nikitoka hapo naweza kulala.”

“Na kama anaumia?”

“Daktari kasema haumii. Ganzi ni ganzi, au siyo?” Akageuka. “Eksi, nimesikia wewe ndiye unayezitengeneza zile nyimbo. Sijui unafanyaje, sitaki kujua. Ila tangu uje, hakuna aliyerudi kitandani. Hata mmoja. Kaka yangu, nakuomba, wa mama usiuguse. Uache ulivyo.”

Alimshika mkono, vidole vyake vina joto la viazi. Eksi alitikisa kichwa tu, na hata yeye hakujua alikuwa anakubali au anakataa.

Vumilia alipoondoka, Eksi alienda kitanda cha nne. Akaamua kumwambia mama kila kitu, maana ni mambo yake.

“Mama, nikueleze kamati inavyosikiliza. Vijiti vikilingana, wanakuaga. Vikiruka, unabaki. Vyako vinaruka kwa sababu unaumia. Mimi naweza kuvilinganisha. Lakini kitanda cha saba kuna Mzee Kilasi, mpasua mbao, na yeye kaniambia anataka kubaki. Nikikulinganisha wewe, namlinganisha na yeye. Hakuna njia nyingine, nimetafuta.”

Noti zilienda, juu, chini. Arobaini. Themanini. Hamsini.

“Nisawazishe, mama?”

Sitini na nne.

Katikati kabisa. Siyo ndiyo, siyo hapana. Akasubiri. Sitini na tatu. Sitini na nne. Mwalimu alikuwa amekaa kimya mbele ya mwanafunzi, kama vile anapompa noti ya kuanzia kisha anashusha mikono.

“Mama, nisaidie, tafadhali.”

Sitini na nne.

*

Alhamisi ukungu uliingia mpaka ukumbini. Wanakamati watano na makoti yao, Madamu Nyagawa kasimama pembeni na tabasamu la siku za kikao, Vumilia kwenye benchi la mbele kashika rozari, Onesmo nyuma kwa kuwa hakutaka kuonekana akilia.

Eksi alifungua programu. Mafaili mawili. Kisanduku kimoja tu: Sawazisha, ndiyo au hapana. Kidole kilikaa juu ya “ndiyo” mpaka Madamu akakohoa. Alimwona mama, vijiti vimegusa dari. Alimwona mzee anapigilia misumari yake.

Alifikiria hivi: nikikosea kwa mama, kuna kikao kingine. Nikikosea kwa mzee, hakuna.

Akabonyeza hapana. Muhuri ukapigwa.

Aisee. Kile kilichotoka kwenye spika siyo wimbo. GONG, ti, GONG, GONG. Mwanakamati mmoja alimwagia mwenzake chai. Madamu Nyagawa alimgeukia Eksi na uso ambao hajawahi kuuona.

“Umefanya nini?” alinong'ona. “Eksi, umesahau kusafisha!”

“Sikusahau, Madamu.”

“Hizo ni waya!”

“Madamu, na wale kumi na tisa? Nao zilikuwa waya?”

Nadhani hapo ndipo Madamu alipoelewa, kwa sababu alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu, akakaa. Hakumuuliza tena swali lolote, siku hiyo wala baadaye. Kuna maswali mtu akiyauliza lazima aishi na majibu.

Kamati ikasema bado, kwa wote wawili. Kwa kushtushwa na tofauti waliyoisikia, ikaandika pia kwamba kuanzia sasa nyimbo ziletwe ghafi, na familia zionyeshwe vijiti kila Jumamosi. Onesmo alitoka bila kumuaga mtu. Vumilia aliruka kutoka benchini, akamkumbatia Eksi mpaka sweta zote mbili zikapanda mgongoni.

“Mungu akubariki, Mungu akubariki, kaka yangu!”

Eksi alisimama tu, mikono imening'inia.

Jioni hiyo alienda kitanda cha nne. “Umebaki, mama,” alisema. “Nisamehe. Mpaka Januari.”

Alisubiri vijiti virushwe, alisubiri atukanwe kwa kila noti. Vikaja virefu, vinne mfululizo, vikali mno mpaka akaziba masikio. Halafu vikashuka. Na hapo ndipo kilipoanza kile kitu ambacho mpaka leo kinamtoa jasho.

Ijumaa vijiti vilikuwa vinaruka bado, lakini kidogo. Wiki iliyofuata, kidogo zaidi. Wiki ya tatu, siku ambayo ukungu hatimaye ulipanda na jua likaonekana juu ya mipaini, alifungua laptopu akakuta vijiti vyote vya kitanda cha nne viko urefu mmoja. Sabini. Sabini. Sabini na moja. Sabini. Kama nyasi zilizofyekwa.

Alikagua programu mara tatu. Hakuna aliyegusa kitu.

“Shikamoo, mama.”

Sabini.

“Mama, unaumwa?”

Kijiti kikapanda. Themanini, tisini, kama mkono unaovutwa na kitu chenye nguvu kuliko wenyewe. Kisha kikarudishwa. Sabini na tano. Sabini. Sabini.

Eksi akaelewa. Yeye mwenyewe alimwambia siri. Vijiti vikilingana, wanakuaga. Mama alikuwa anafanya mazoezi. Mwalimu wa kwaya wa miaka thelathini na moja, ndani ya maumivu yasiyo na mlango, alikuwa anajisawazisha mwenyewe, noti kwa noti, kila sekunde mbili, mchana na usiku, ili Januari wamkute hayupo.

Jumamosi redio ya kitanda cha saba ilikuwa juu, mpira unatangazwa, vijiti vya Mzee Kilasi vinacheza. Vumilia akaingia na viazi vyake. Alipoona skrini ya kitanda cha nne akasimama katikati ya wodi.

“Eksi. Mbona vya mama vimetulia?”

Eksi alikuwa kwenye kiti kando ya kitanda, akaishusha laptopu mapajani.

“Anapata nafuu? Anapona?” Akakaa kwenye kiti cha pembeni, akamshika Eksi mkono, na ile sauti yake ya ucheshi ikakatika katikati. “Au ndiyo anakwenda, Eksi? Wewe unavijua hivi vitu. Niambie ukweli. Mama yangu bado yumo humo ndani?”

Akisema ndiyo, mama hatoki humo kwa miaka yote ambayo mashine itakubali kumpumulia. Akisema hapana, Vumilia atamuaga Januari kwa roho nyeupe, kwa uongo. Na mwenyewe mama yuko palepale, hatua moja kutoka kwenye viti vyao, masikio yake mazima, anasubiri kusikia mwanafunzi wake atajibu nini. Sabini. Sabini. Sabini.

Ungekuwa wewe umekaa kwenye kile kiti, mkono wako umeshikwa hivyo, ungemjibu nini?